Waya wa Bawe, Mkongo wa Mombasa: Safari ya Ujumbe Baharini

Habari zilizokuja na kaskazi

Kabla ya mwaka 1879, habari za dunia zilifika Unguja kwa upepo. Kaskazi ilipoanza kuvuma, majahazi ya Maskati na Hadhramaut yaliteremka pwani yakiwa na tende, papa mkavu na maneno ya bandarini. Kusi ilipoingia, yalirudi na karafuu, pembe na boriti za mikoko. Aliyetuma barua Uarabuni kwa kusi ya mwaka huu alilipokea jibu kwa kaskazi iliyofuata, kama chombo kilisalimika. Mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua kutoka Aden kila mwezi, na wafanyabiashara wa Forodhani wakaona dunia imesogea. Lakini barua bado ilikwenda kwa mwendo wa chombo kilichoibeba. Chombo kikizama, na habari inazama.

Mawasiliano ya data yalianza pale watu walipofaulu kuutenganisha ujumbe na chombo. Tangu hapo, kila kizazi kimejivunia kasi: herufi kwa dakika, biti kwa sekunde, megabiti, gigabiti. Mimi nimeisoma historia hii kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyoona kuwa kasi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni njia. Ni ya nani? Inapita wapi? Na ikikatika, ipo nyingine?

Mapigo ndani ya maji ya chumvi, 1844–1866

Mnamo Mei 1844 Samuel Morse alipeleka ujumbe kwa umeme kutoka Washington hadi Baltimore. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza: funga na fungua njia ya umeme, pigo fupi na pigo refu, kila herufi iwe na mpangilio wake. Nchi kavu likafanya kazi vizuri. Baharini likagoma.

Kwanza ilibidi waya uzuiwe usiguse maji. Dawa ilipatikana Malaya, utomvu wa mti uitwao gutta-percha, ambao hulainika kwenye maji ya moto na kukaza kwenye maji baridi ya kilindini. Mwaka 1858 waya uliofunikwa kwa utomvu huo ulitandazwa kutoka Ireland hadi Newfoundland. Malkia Victoria akamsalimu Rais wa Marekani kwa maneno 98, na maneno hayo yakachukua takriban saa 16 kuvuka.

Umeme hausafiri polepole hivyo, kwa hiyo inafaa tusimame hapa kidogo. Waya mrefu uliozungukwa na maji ya chumvi hujaa chaji kama mtungi unavyojaa maji. Pigo huingia upande mmoja likiwa kali na fupi, likatoka upande wa pili limetandaa kama wimbi linalopanda taratibu na kushuka taratibu. Ukituma pigo la pili kabla la kwanza halijatulia, yanachanganyika, na mpokeaji hajui lipi ni lipi. William Thomson, mwanafizikia wa Glasgow, alikuwa amekwisha kukokotoa kwamba urefu wa waya ukizidi mara mbili, uchelewaji huzidi mara nne. Mhandisi wa umeme wa kampuni iliyoutandaza waya huo, Wildman Whitehouse, hakumwamini. Aliona kwamba kinachotakiwa ni kuusukuma ujumbe kwa nguvu zaidi, akaupa waya umeme wa volti zipatazo 2,000. Kinga ya waya, ambayo tayari ilikuwa dhaifu, ikaharibika kabisa. Baada ya wiki chache tu waya ulikuwa kimya.

Thomson yeye alikwenda upande wa pili. Badala ya kuongeza nguvu kwa mtumaji, aliongeza usikivu kwa mpokeaji. Alitundika kioo kidogo sana, chenye sumaku mgongoni, katikati ya koili ya waya. Umeme dhaifu ulipopita, kioo kiligeuka kidogo, na doa la mwanga lililoakisiwa humo likasogea kwenye kipimo, kushoto au kulia. Karani aliketi katika chumba chenye giza, macho kwenye doa, akimtajia mwenzake herufi mojamoja. Hadi leo, tunapotaka data nyingi zaidi kwenye njia ileile, kazi kubwa huwa ni kumnoa msikilizaji.

Mwaka 1865 meli kubwa Great Eastern ilijaribu tena Atlantiki, waya ukakatika na kuzama katikati ya bahari. Mwaka uliofuata meli hiyo ilitandaza mwingine, ukafika salama. Kisha ikarudi mahali ulipopotelea wa mwaka uliotangulia, ikateremsha kulabu kwenye kina cha zaidi ya kilomita tatu, ikakokota mchanga wa kilindini siku baada ya siku mpaka ikauopoa waya ule, mafundi wakauunga, ukafanya kazi. Tutakutana na kulabu hiyo tena.

Simu yafika Unguja, 1879–1896

Waya haukuletwa kwetu kwa sababu yetu. Tarehe 22 Januari 1879 Wazulu waliliangamiza jeshi la Waingereza huko Isandlwana, na London ikapata habari tarehe 11 Februari, karibu wiki tatu baadaye. Serikali inayopigana vita bila kujua kama imeshinda au imeshindwa haiwezi kulala. Kabla mwaka haujaisha, waya ulikuwa umetandazwa kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, aliipa kampuni ya Eastern Telegraph kisiwa cha Bawe, mbele ya bandari ya Unguja, kiwe kituo chake.

Lugha yetu ilikuwa na neno la kuupokea ugeni huo. Simu, lililotokana na neno la Kiajemi la waya, lilitumika kwa telegrafu miaka mingi kabla mtu yeyote wa pwani hajasikia sauti ndani ya chombo. Wazee walipiga simu kwa nukta na mistari.

Ujumbe wa London kwenda Unguja haukwenda kwa mkupuo mmoja. Ulipita Gibraltar, Malta, Misri na Aden. Kwenye vituo vya njiani karani aliupokea, akauandika, akaupiga upya kwenye waya uliofuata. Uchovu wake uliingia kwenye ujumbe: herufi moja ikikosewa Malta, kosa lilifika Unguja likiwa kamili. Kuanzia 1890 Mombasa nayo iliungwa na Unguja, na miaka mitatu baadaye waya mwingine ukaenda Shelisheli na Morisi.

Uzito wa njia ile ulionekana mwezi Agosti 1896. Tarehe 25 Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia katika jumba la kifalme akajitangaza sultani. Mwakilishi wa Uingereza, Basil Cave, hakuwa na ruhusa ya kupigana. Miaka 20 kabla ya hapo angelazimika kungoja meli, na wiki zile za kungoja zingetoa nafasi ya mashauriano, ya wazee kuingia kati, ya Khalid kujiimarisha au kujitoa. Sasa Cave alipiga simu London kuuliza kama anaweza kuamuru manowari zilipige mizinga jumba la kifalme endapo njia za amani zitashindikana. Kesho yake jibu la ruhusa lilikuwa mezani kwake.

Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu ikagonga, muda wa mwisho ukaisha. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Haikufika saa nne, jumba lilikuwa magofu, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wameuawa au kujeruhiwa, na Khalid mwenyewe amekimbilia kwa Wajerumani. Vitabu huvieleza kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani, mara nyingi kwa namna ya kuchekesha. Mimi sioni cha kuchekesha. Ninachoona ni waya uliopita kwenye kisiwa alichokitoa baba, ukatumika kumng'oa mwana, kwa kuwa ncha zote mbili zilishikwa na upande mmoja.

Kuupima ujumbe, 1874–1948

Miaka iliyofuata naipita haraka, ingawa ilikuwa na mambo. Mfaransa Émile Baudot alisajili mwaka 1874 mfumo ambamo kila herufi ina alama tano za urefu sawa, kila moja ama ipo ama haipo. Nukta na mistari ya Morse ilihitaji binadamu wa kuitafsiri. Alama za Baudot ziliweza kusomwa na mashine. Moja na sifuri za kompyuta za leo ni wajukuu wa alama hizo.

Kisha mwaka 1948 Claude Shannon, wa maabara za Bell huko Marekani, aliandika makala iliyoleta kipimo cha habari yenyewe, bila kujali kama ni shairi au bei ya karafuu. Kipimo hicho ni biti, jibu la swali moja la ndiyo au hapana. Shannon alithibitisha kwamba kila njia ina kikomo chake cha biti kwa sekunde, kinachotegemea upana wa masafa na kelele iliyomo. Ndani ya kikomo hicho, ukiupanga ujumbe kwa werevu na kuuongezea alama za kukagulia, unaweza kuufikisha bila makosa hata kama njia ina kelele. Ukikivuka, hakuna nguvu itakayokusaidia. Kile Whitehouse alichokiunguza waya kwa kutokukijua sasa kilikuwa na hesabu yake.

Barua iliyochanwa vipande, 1964–1983

Mtandao wa simu wa katikati ya karne ya 20 ulifanya kazi kwa kukodisha njia nzima. Ukimpigia mtu, mitambo ilikuunganishia waya kutoka kwako hadi kwake, na waya huo ulikuwa wenu hata mkinyamaza. Mtambo mmoja wa katikati ukifa, wote waliopitia hapo wamekatika.

Paul Baran, wa taasisi ya RAND, alikuwa akiwaza jambo la kutisha: baada ya shambulio la nyuklia, amri zitapitaje? Jibu lake, lililochapishwa 1964, lilikuwa kuondoa kitovu kabisa. Vituo viungane kama wavu wa mvuvi, na ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kijitafutie njia. Huko Uingereza, Donald Davies alifikia wazo hilohilo bila kumjua Baran, kwa sababu nyingine kabisa: kompyuta huzungumza kwa vishindo na kunyamaza, kwa hiyo kuipa njia nzima ni hasara. Davies ndiye aliyeviita vipande hivyo pakiti.

Namna inavyofanya kazi, mtu aliyewahi kutuma mzigo kwa basi ataielewa mara moja. Chukua kitabu cha kurasa 100 unachotaka kimfikie ndugu yako Mwanza. Kichane. Kila ukurasa uandike namba yake, anwani ya ndugu na anwani yako, kisha wagawie makondakta wa mabasi mbalimbali. Mengine yatapita Singida, mengine Arusha. Kwenye kila stendi yupo mtu anayesoma anwani na kuutia ukurasa kwenye basi linaloelekea huko. Barabara moja ikifungwa na mafuriko, anatumia nyingine. Ndugu yako atapokea ukurasa wa 60 kabla ya wa 12, na hilo si tatizo, kwani namba zipo. Akikuta wa 37 haupo, anakuambia, nawe unamtumia nakala. Yule mtu wa stendi ndiye ruta. Hahitaji kusoma kitabu, wala hajui kina kurasa ngapi.

Tarehe 29 Oktoba 1969, saa nne na nusu usiku, mwanafunzi Charley Kline aliketi kwenye chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, akitaka kuingia katika kompyuta ya taasisi ya SRI, zaidi ya kilomita 500 kaskazini. Huko alikuwapo Bill Duvall, na wawili hao walishika simu ya kawaida masikioni ili wathibitishiane. Kline alitaka kuandika neno la kuingilia, “login”. Akapiga L, Duvall akasema imefika. Akapiga O, imefika pia. Alipopiga G, mfumo wa upande wa pili ukaanguka. Baada ya takriban saa moja walikuwa wamerekebisha, na safari hii ikakubali. Ujumbe wa kwanza wa mtandao huo wa pakiti, ulioitwa ARPANET, ukawa herufi mbili.

Baada ya hapo mitandao ikaota kama uyoga: ya redio huko Hawaii, ya setilaiti, na ule wa kebo moja ofisini ambao Robert Metcalfe na David Boggs waliuanza mwaka 1973 huko California, Etheneti. Kila mmoja ulikuwa na desturi zake, na haukuelewana na jirani. Vint Cerf na Robert Kahn, katika makala yao ya 1974, hawakujaribu kuilazimisha mitandao yote ifanane. Walipendekeza itifaki moja ya kukaa juu yake: pakiti iwe na anwani inayoeleweka kote, mitandao ya katikati ipitishe tu, na jukumu la kuhesabu kurasa, kudai zilizopotea na kupunguza mwendo likae kwa kompyuta za pembeni. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET nzima ilihamia kwenye itifaki hiyo, TCP/IP, na ndiyo inayobeba ujumbe wa simu yako leo. Naona ni uamuzi wa kitaalamu wenye heshima kubwa ndani yake, kwani uliwapa wageni wasiojulikana nafasi ya kujiunga bila kuomba ruhusa ya mtambo wa katikati.

Mbinguni na kurudi, 1970–2002

Sisi tulijiunga kwa kupitia angani. Kituo cha setilaiti cha Longonot, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa karibu miaka 40 njia kuu ya Afrika Mashariki kwenda duniani ilikuwa sahani kubwa zilizotazama juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika machache ya Nairobi yalituma barua pepe kwa kupanga foleni: barua zilikusanywa kutwa, kisha kompyuta ikapiga simu ng'ambo, ikazimwaga zote na kupokea zilizokuja. Watoa huduma za intaneti walipofuata, nao walikodi nafasi kwenye setilaiti kwa bei kali.

Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kupanda na kushuka huchukua karibu robo sekunde, na swali na jibu lake karibu nusu sekunde. Hilo ni kabla ya foleni. Nakumbuka mkahawa wa intaneti niliokuwa nikilipia kwa dakika. Picha ilifunguka kuanzia juu, mstari mmoja baada ya mwingine, na hela ikaisha kabla ya uso wa mtu kufika kwenye kidevu.

Lakini jambo lililouma zaidi halikuwa hilo. Mtu wa Nairobi aliyemwandikia jirani yake wa mtaa wa pili, aliyejiunga kwa mtoa huduma mwingine, alipeleka pakiti angani, zikashuka ng'ambo, zikabadilishana njia huko, zikapanda tena na kurudi Nairobi. Zilikwenda kilomita 144,000 ili kuvuka barabara, na kila upande ulilipwa kwa fedha za kigeni. Sababu ilikuwa moja: kampuni hizo hazikuwa na mahali pa kukutania nyumbani.

Novemba 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua mahali hapo, KIXP, kituo cha kubadilishana data. Kwa vifaa ni jambo dogo, chumba chenye swichi ambayo kila kampuni huleta waya wake. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba kituo kinaingilia haki hiyo, na ndani ya wiki mbili mdhibiti akaamuru kifungwe. Watoa huduma walibishana kwa zaidi ya mwaka mzima wakieleza jambo lililo wazi, kwamba pakiti ya Nairobi kwenda Nairobi si ya kimataifa. Februari 2002 kituo kilifunguliwa tena, na safari iliyokuwa ikimaliza sekunde nzima na zaidi ikawa ya chembe za sekunde. Dar es Salaam nayo ilipata kituo chake mwaka 2004. Mimi naihesabu swichi ile ya Nairobi kuwa tukio kubwa kuliko mengi yaliyosherehekewa kwa ngoma, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza njia kukunjiwa nyumbani.

Nuru chini ya bahari, 2009

Charles Kao alikuwa ameonyesha mwaka 1966 kwamba uzi wa kioo safi unaweza kubeba mwanga masafa marefu, na mwaka 1988 faiba ya kwanza ilivuka Atlantiki. Afrika Magharibi iliungwa 2002. Pwani yetu ikabaki pengo kwenye ramani. Mpango wa kuliziba kwa mkongo uitwao EASSy ulizungumzwa tangu 2003, lakini serikali na wawekezaji walivutana miaka kadhaa juu ya umiliki na ya nani atapewa nafasi kwa bei gani. Kenya ilichoka kusubiri, ikaanzisha mkongo wake, TEAMS, wa kilomita zipatazo 5,000 kutoka Fujairah kwenye Ghuba. Njia ileile, karibu, ya majahazi ya kaskazi.

TEAMS ulifika Mombasa tarehe 12 Juni 2009. SEACOM, wa kampuni binafsi, ukaanza kazi tarehe 23 Julai, ukiziunga Mombasa, Dar es Salaam, Maputo na Afrika Kusini na Ulaya na India. EASSy wenyewe ulifuata mwaka 2010. Baada ya miaka 130 tangu Bawe, pwani ilipata waya tena, na safari hii nyaya tatu.

Mkongo wa kilindini ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani, unene kama wa mpira wa kumwagilia bustani. Katikati kuna nyuzi chache za kioo nyembamba kama nywele. Kilichobaki ni chuma cha kulinda, shaba ya kupeleka umeme na plastiki mahali pa utomvu wa Malaya. Mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo Mombasa hadi Fujairah ni sehemu ya arobaini ya sekunde. Kila baada ya makumi ya kilomita kuna kikuza mwanga, kinachopewa umeme kutoka ufukweni.

Nanga

Mwezi Februari 2012 mikongo ya Bahari ya Shamu ilikatika, na trafiki ya Afrika Mashariki ikahamia TEAMS. Siku chache baadaye meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS nao. Intaneti ilizorota kuanzia Kenya hadi Rwanda na Burundi, lakini haikuzimika. Ruta zilisoma anwani, zikaona barabara imefungwa, zikazipitisha pakiti kwenye njia zilizobaki. Walichokiandika Baran na Davies miaka ya 1960 kilikuwa kikifanyika mbele ya Ngome ya Yesu.

Tarehe 12 Mei 2024 ilikatika mikongo ya EASSy na SEACOM kwa wakati mmoja, upande wa Afrika Kusini, huku SEACOM ukiwa tayari umekatwa Bahari ya Shamu tangu Februari. Tanzania, iliyotegemea sana mikongo hiyo miwili, ilikaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Waliokuwa na njia ya tatu hawakuumia sana.

Matengenezo yalifanywa kama yanavyofanywa daima. Ufukweni fundi hutuma mwanga kwenye uzi na kupima unavyorudi, ajue mkato uko umbali gani. Kisha meli huenda hapo, hupunguza mwendo, na kuteremsha kulabu hadi kwenye mchanga.